Friji Ikiuma, Vaa Ndala

Asubuhi moja ya masika, mwaka juzi, mpangaji wangu wa chumba cha nne alinifuata ukumbini, akaniamkia, kisha akasema, "Mwalimu, ile friji yangu inauma." Nilikuwa nachambua mchele. Sikuinua hata uso. "Vaa ndala, mwanangu," nikamjibu, nikaendelea kutoa mawe.

Jibu hilo sikulitunga mimi. Nililipokea mwaka 1986 kwa mwenye nyumba wangu wa Magomeni, Dar es Salaam, nilipomlalamikia kuwa bomba la bafuni linanitetemesha kila jirani anapopiga pasi. Naye bila shaka alilipokea kwa mwenziwe. Pasi ikikutetemesha, vaa ndala. Geti la chuma likikuchoma, vaa ndala. Swichi ya jikoni ikitoa cheche, kausha mikono, uvae ndala. Hiyo ndiyo sera yetu ya usalama wa umeme majumbani, na inauzwa sokoni Ngamiani, hapa Tanga, rangi zote.

Kinachonitia haya ni kwamba mimi ni mwalimu wa sayansi. Miaka 31 nimechora ubaoni vipitishi upande mmoja na vihami upande wa pili, na kwenye vihami mfano wangu wa kwanza ulikuwa ndala. Nilijua fika inafanya nini. Inakutoa wewe njiani, basi. Umeme inauacha palepale kwenye mlango wa friji, umsubiri atakayekuja peku.

Akaja mtoto. Wiki ya pili yake mvua ilinyesha, watoto wakatoka uwani kucheza, na mtoto wa miaka minne wa mpangaji yule yule wa chumba cha nne akaingia ndani miguu mitupu, imelowa, akashika friji kutafuta maji ya baridi. Nilisikia kishindo, kisha kimya. Kimya kile nakikumbuka kuliko kishindo. Kisha akalia, na katika maisha yangu sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Mama yake hakuniambia neno. Aliniangalia tu. Jioni nilimpigia simu fundi.

Fundi mwenyewe nilimfundisha, alikuwa wa dawati la nyuma, mtundu wa kufungua redio za watu. Leo ana leseni yake na mkoba wa vipimo. Nilimwambia aje atazame friji. Akaja, akaamkia, hata hakuigusa. Akauliza, "Mwalimu, nyumba hii mara ya mwisho ilikaguliwa lini?"

Nikamwambia 1978.

Hakucheka. Alisema nyumba nyingi anazoitwa hujibu hivyo hivyo, mwaka tu ndio unaobadilika: ni mwaka ule umeme ulipoingia. Na ni kweli. Nyumba zetu hutazamwa siku moja, siku ya kuzaliwa, kisha haziulizwi tena mpaka ziungue. Ukiomba umeme unajaza fomu, mkandarasi mwenye leseni anachora mchoro na kugonga mhuri, anakuja mpimaji, unalipia, unafungiwa mita. Kuanzia hapo, mita ndiyo mpaka. Waya unaotoka kwenye nguzo hadi kwenye mita ni wa TANESCO. Waya unaotoka kwenye mita kuingia chumbani kwako ni wako, na kilichomo ndani yake unakijua wewe na panya wa darini. Bajaji inayobeba abiria watatu husimamishwa barabarani na kutazamwa tairi na stika. Nyumba inayolaza familia sita haijawahi kusimamishwa na mtu.

Nawaelezea alichokikuta, kwa sababu kabla ya siku ile nilidhani ukaguzi ni mtu kuja na testa, kuichomeka kwenye soketi, ikiwaka taa nyekundu anasema "umeme upo" na kudai nauli.

Nyumba yangu ni ya Kiswahili, ya mwaka 1974. Ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, jiko na choo uwani. Marehemu mzee wangu alikuwa karani bandarini, aliijenga kwa awamu. Mimi nakaa chumba cha mbele, vitano nimepangisha. Fundi alizima meni swichi, akatutaka wote tuchomoe kila kitu na tufungue balbu zote, jambo lililoleta kelele maana siku ile kulikuwa na mpira. Kisha akatoa kipimo wanachokiita mega. Kinasukuma volti 500 ndani ya waya na kutazama kiasi gani kinavuja kupitia ngozi yake. Waya wenye afya husoma mamia ya megaohm. Chini ya megaohm 1, nyumba imefeli. Vyumba vya mbele vilisoma 3. Vya nyuma vilisoma 0.2.

Tukapanda darini, yaani yeye akapanda, mimi nikashika ngazi. Waya zilikuwa nyekundu na nyeusi, rangi za zamani, zimelazwa juu ya mbao bila bomba, chini ya bati linalopikika mchana kutwa. Plastiki ilikuwa imekauka. Ukiikunja inavunjika kama biskuti. Mahali pawili panya walikuwa wameila mpaka shaba inang'aa. Kiungo kimoja kilikuwa kimesokotwa kwa mkono na kufungwa mfuko wa rambo. Siwezi kumlaumu mtu, maana nilikumbuka vizuri nani alikifunga na mimi ndiye niliyempa mfuko.

Chumba cha pili kina kijana mwenye sabufa. Nyumba kama hizi kila chumba kilipewa taa moja na soketi moja, enzi ambazo kifaa kikubwa kilikuwa redio. Kijana yule kwenye soketi ile moja alikuwa ameweka ekstensheni, na kwenye ekstensheni alikuwa na televisheni, sabufa, feni, chaja mbili na jagi la kuchemshia maji. Fundi alipoifungua soketi, nyuma yake ilikuwa rangi ya kahawia, imepinda. Skurubu moja imelegea.

Hapo alinifundisha jambo ambalo mimi mwalimu sikuwahi kulifundisha. Jagi la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9. Skurubu ikilegea kiasi cha kuleta ukinzani wa ohm moja tu, kila jagi likichemka pale kwenye skurubu panatoka joto la wati 70 hivi. Kumbuka zile balbu za zamani za wati 60, jinsi zilivyokuwa zikiunguza kidole. Sasa ifiche balbu hiyo ndani ya kiboksi cha plastiki, ukutani, nyuma ya godoro. Na breka haikatiki! Kwa nini ikatike? Umeme haujazidi, umepungua kidogo hata. Breka ya ampea 20 inaona ampea 8 zinapita, inaona mambo yako sawa. Magazeti yakiandika "chanzo ni hitilafu ya umeme" wengi tunadhani umeme umeshuka na hasira zake kutoka kwenye nguzo. Mara nyingi ni skurubu.

Chumbani kwangu kulikuwa na la kwangu. Swichi ya taa ilikuwa imefungwa upande usio wake: inakata nyutro, laivu inaendelea mpaka kwenye holda. Maana yake, miaka yote ile nilipozima swichi na kupanda kwenye stuli kubadili balbu, nilikuwa natia vidole mahali penye volti 230 nikiamini pamekufa. Nilikaa chini nikaomba maji.

Na friji? Soketi ya chumba cha nne ilikuwa na matundu matatu kama soketi yoyote. Lile la tatu, la ethi, lilikuwa pambo. Waya wake uliishia kwenye bodi ya meni, na kutoka pale ulitakiwa kushuka uwani hadi kwenye fimbo iliyopigiliwa ardhini. Tulichimba, fimbo tukaikuta. Waya haukuwepo. Ulikatwa kwa koleo, safi kabisa, na nina hakika ulikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwani shaba ina bei. Lini, Mungu ndiye ajuaye. Nyumba nzima iliishi bila ethi na taa ziliwaka, televisheni ilionyesha, hakuna aliyejua. Ethi ndivyo ilivyo: ikiwepo huioni, ikikosekana huioni, mpaka siku mtu anapogusa.

Nitasimama hapa kidogo, maana ndipo watu wengi wenye akili zao wanapokosea. Ukimwambia mwenye nyumba kuhusu usalama anakuonyesha breka. "Mbona breka ipo, ikipiga shoti inakata." Breka inalinda waya usiungue, wewe haikujui. Mkondo wa kuwasha taa ndogo ya wati 7, ambao ni takriban miliampea 30, ukipita kifuani unaweza kuuvuruga moyo. Breka ya ampea 20 inasubiri zaidi ya mara mia sita ya hapo ndipo ianze kushtuka. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, mafundi wanakiita RCD, ukubwa wake kama breka mbili zimesimama bega kwa bega. Chenyewe kinahesabu umeme unaotoka na unaorudi. Pakipungua miliampea 30, yaani umepita njia nyingine, pengine ndani ya mtoto, kinakata kabla hujamaliza kusema aka. Kina kitufe cha kujaribia. Katika nyumba nane za mtaani kwetu ambazo nimeuliza tangu wakati huo, nimekikuta kwenye moja, na mwenyewe hakujua ni cha nini. Alidhani ni cha kuwashia kengele.

Sasa nyumba yangu ni kongwe, mtu atasema. Kaka yangu alisema hivyo. Yeye amestaafu, amejenga kule Kange, nyumba ya kisasa, dari la jipsamu, taa za mapambo zinazozunguka sebule kama pete. Nikamwambia amwite fundi yule akague. "Nyumba ina miaka minne, ikaguliwe nini? Nyumba yangu, ninalala mimi na mke wangu, atakayeungua ni mimi." Nilimuuliza, wajukuu wakija likizo wanalala wapi? Akanyamaza, akamwita.

Nyumba ya kaka ilikuwa mbaya kuliko yangu. Soketi zote zilikuwa zimevutiwa waya wa milimita 1.5, ambao kwa desturi ni wa taa. Soketi hutakiwa 2.5. Kisha breka ya soketi hizo ilikuwa ya ampea 32. Yaani waya ungekuwa umeshaiva wakati breka bado inapiga miayo. Kaka aliapa alimlipa fundi waya za 2.5, na risiti anayo. Nami nikamuuliza, mkandarasi aliyegonga mhuri hakuona? Hapo ndipo siri ilipotoka: mkandarasi hakufika. Fundi wa mtaani alisuka nyumba, kisha akaenda kununua mhuri, na gharama ya mhuri kaka aliilipa bila kujua analipia nini; kwenye hesabu iliandikwa "mchoro".

Hii si habari ya kaka yangu peke yake, na kila aliyejenga miaka ya karibuni anaielewa. EWURA hutoa leseni kwa mafundi umeme kwa madaraja, jambo jema. Lakini leseni ya mtu mmoja inaweza kusafiri ndani ya mkoba wa mwingine, na nyumba haina ulimi wa kusema. Ndiyo maana nikisikia mtu anapendekeza "kila nyumba ikaguliwe, ipewe cheti", napata kizunguzungu. Tutaongeza mhuri mwingine wa kuuzwa. Mimi sitaki cheti. Nataka namba. Mega ilisoma ngapi, fimbo ya ethi ilisoma ngapi, RCD ilikata kwa muda gani, breka za ngapi kwenye waya wa ngapi, na picha ya bodi ikiwa wazi. Mhuri unaweza kugongwa ukiwa umekaa kijiweni. Namba zinaweza kubuniwa pia, sikatai, ila namba za uongo mtu mwingine anaweza kuja kesho na kipimo chake akazipima, na mwongo akajulikana.

Mtoto wa marehemu dada yangu anapanga huko Leicester, Uingereza. Nilipomsimulia haya alinitumia kwa WhatsApp ripoti ya chumba anachoishi. Kurasa kadhaa, namba tupu. Kule England sheria ilianza mwaka 2020: kwanza kwa mikataba mipya kuanzia Julai 1, kisha wapangaji wote kuanzia Aprili 1, 2021. Mwenye nyumba binafsi anapaswa kukaguza umeme angalau kila miaka 5, na mpangaji aliyemo anapewa nakala ndani ya siku 28. Kasoro zimepewa madaraja, ya kwanza ikiwa ile ya hatari iliyopo sasa hivi, hapana kulala nayo. Anayekaidi, sheria ilipoanza, faini yake iliweza kufika pauni 30,000. Anayekaa kwenye nyumba yake mwenyewe hashurutishwi. Hushauriwa tu akague kila miaka 10.

Faini ile tuiache hukohuko. Wenye nyumba wa Ngamiani ninaowajua ni wajane na wastaafu wanaokula kodi hiyo. Ukiwapiga faini watafunga vyumba au watahonga, na kwa maoni yangu watahonga. Kilichonigusa ni kipande kile kidogo: nakala anapewa mpangaji. Kwetu mpangaji analipa kodi ya miezi sita mkupuo, analipa na mwezi mmoja wa dalali, anakabidhiwa ufunguo na maelezo ya zamu ya kufagia uwani. Kuhusu waya haambiwi kitu. Akishaingia, hela zake zote ziko mfukoni mwangu. Friji ikimuuma siku ya tatu, atakwenda wapi? Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo, ila nani atafungua shauri kwa sababu friji inatetemesha? Anakuja kwangu kwa adabu, na mimi namwambia avae ndala.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo, na naomba wakubwa wasilikuze. Kila ninaponunua umeme wa LUKU naletewa ujumbe: tokeni ya tarakimu 20, uniti, na makato. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo. Nyumba ya kawaida kama yangu ilianza na shilingi 12,000 kwa mwaka, na mwaka 2023 ikapanda hadi 18,000, yaani 1,500 kila mwezi. Wapangaji walipiga kelele sana, na walikuwa na haki, maana kwenye mita ya kuchangia anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi ndiye anayemlipia mwenye nyumba kodi ya jengo lake. Lakini makato yale yametuonyesha jambo: serikali inaijua kila nyumba yenye mita, na ina njia ya kuzungumza nayo kila wiki. Basi kwenye ujumbe ule ule iongezwe mstari mmoja: "Ukaguzi wa mwisho wa umeme," na tarehe. Kama haujafanyika, iandikwe haujafanyika.

Tarehe tu. Nawajua wapangaji wangu. Mita yetu ni moja, tunachangia. Anayenunua lazima awaonyeshe wenzake ujumbe ili asiambiwe kala hela. Ujumbe ule unasomwa na watu sita kuliko barua yoyote ya serikali ya mtaa. Mstari ule ukisema "haujafanyika" mwezi wa kwanza watacheka. Mwezi wa nne atatokea mmoja atauliza. Anayetafuta chumba atamwambia dalali, nionyeshe ujumbe wa LUKU wa nyumba hiyo. Dalali akikosa wateja wawili atanipigia simu yeye mwenyewe, na dalali akikuandama ni bora ukaguliwe upumzike. Anayepangisha alazimike kupima kila miaka mitano. Anayekaa kwake, kama kaka, asilazimishwe, ila mstari wake usomeke hivyo hivyo kila anaponunua umeme, ummumunye taratibu. Na kwa kuwa nyumba zote zinalipa kodi ya jengo, sehemu ndogo ya hela ile impunguzie mjane gharama ya ukaguzi wa kwanza.

Gharama. Najua mmekuwa mkisubiri nifike hapo. Ukaguzi wenyewe ulinigharimu 50,000, na sidhani kama fundi alinitoza bei kamili. Fimbo mpya ya ethi na waya wake, 70,000. RCD, 55,000. Ufundi wa siku hiyo 40,000. Hapo tayari friji ilikuwa imeacha kuuma na holda ya chumbani kwangu imekufa inapozimwa, kwa 215,000. Waya za vyumba vya nyuma, mabomba, na soketi ya pili kwa kila chumba zilisubiri miezi mitano, nikapandisha kodi ya kila chumba kwa 3,000. Mmoja alihama. Alihamia nyumba ya 40,000 mtaa wa pili, ambayo waya zake zinaonekana kwa nje zikiwa zimening'inia kama kamba ya kuanikia, na sikuweza kumlaumu. Elfu tatu ni nauli.

Ndiyo maana naona vibaya kuanza na nyumba nzima. Ethi, RCD, laivu na nyutro kukaa mahali pake, breka inayolingana na waya. Hayo manne kwanza, kila nyumba ya kupangisha. Uzuri wa dari utafuata.

Na haraka ipo, kwa sababu matumizi yanatukimbiza. Mkoa wetu una umeme tangu zamani. Mitambo ya Hale kwenye mto Pangani ilianza 1964, ndiyo maana waya zetu ni vikongwe. Sasa bwawa la Julius Nyerere linatoa hadi megawati 2,115, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliotangazwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono, nimekohoa moshi wa kutosha. Lakini kila tangazo la jiko la umeme la presha ninaloliona linaonyesha wali umeiva, halionyeshi soketi. Jiko lile ni wati 1,000. Mwambie kijana wa sabufa aliongeze kwenye ekstensheni yake.

Tangu RCD ifungwe, nyumba yangu imekuwa na utani mpya. Usiku wa Ramadhani iliyopita umeme ulikatika kwetu peke yetu, daku imepamba moto, watu wakatoka vyumbani na tochi za simu wakiniita mwalimu, mwalimu. Tukaanza kuchomoa kimoja kimoja. Ilikuwa pasi ya binti wa chumba cha tano, waya wake umechubuka pale unapoingilia kwenye mpini. Ukiichomeka, inakata. Ukiichomoa, nyumba inawaka. Jirani mmoja, naye anajiita fundi, akanishauri kwa nia njema kabisa kuwa kifaa kile kinasumbua, nimpe elfu tano akiruke, aunge moja kwa moja.

Ripoti ya ukaguzi nimeibandika ukumbini, karibu na ratiba ya usafi. Watoto wameshachora gari pembeni yake. Pasi ile ninayo kabatini, nimeifungia. Mwenyewe amekuja kuidai mara mbili, ana sare za kazini za kupiga pasi, na nimemwambia avumilie hadi mwisho wa mwezi, pensheni ikiingia tutakwenda wote dukani.